Nyumba ya Nafuu na Moyo wa Mkaaji

Sajini mmoja ambaye nimetumika naye kwa miaka kadhaa alinijia ofisini mwezi mmoja kabla ya kustaafu kwake. Mkononi alishika karatasi iliyomwarifu kwamba jina lake limo katika orodha ya watu walioruhusiwa kununua nyumba ndogo katika mtaa mpya, uliojengwa kwa msaada wa fedha za umma na kuuzwa kwa bei iliyo chini ya ile ya soko. Malipo ya kwanza yangetoka katika kiinua mgongo chake, na yaliyosalia angeyalipa kidogo kidogo kila mwezi. Jibu lilitakiwa kabla ya mwisho wa mwezi.

"Afande," aliniuliza, "nichukue au niache?"

Nilimjibu pale pale kwamba achukue. Mtu aliyekaa zaidi ya miaka ishirini katika vyumba vya kambi, na kabla ya hapo akalelewa na baba polisi ndani ya kile kibanda cha bati tunachokiita "mama ingia pole", kwa kuwa mlango wake ni mfupi na aingiaye sharti ajikunje, atapata wapi tena nyumba ya matofali yenye vyumba viwili, choo cha ndani na mfereji wa maji? Sajini aliinamisha kichwa, kisha akasema kwa sauti ya chini:

"Mke wangu hataki, Afande. Amekwenda kuiona. Anasema nyumba ni nzuri, lakini yeye hawezi kuishi humo."

Nakiri kwamba siku ile nilimdhania mama huyo kuwa ni mtu asiye na shukrani. Nilikosea, na makala haya nimeyaandika ili kueleza nilivyokosea, maana naamini wenzangu wengi wana fikira kama ile niliyokuwa nayo.

SWALI LINALOTUHUSU

Jambo la nyumba za gharama nafuu si geni kwa askari wala kwa polisi. Kwanza, sisi wenyewe ni wakaaji wa nyumba za umma tangu siku ya kuapishwa hadi siku ya kukabidhi sare, na kodi tusiyoilipa mfukoni hulipwa na mwananchi. Pili, mtaa wa namna hiyo ukiharibika, yaani taa zikizimika, ngazi zikitekwa na wahuni na wakaaji wakianza kuhama, anayeitwa usiku wa manane ni polisi. Tatu, kila mmoja wetu atastaafu, na siku hiyo atasimama mahali aliposimama sajini wangu.

Kwa ajili hiyo yafaa tujiulize: ni kitu gani kinachomfanya mtu aliyepewa nyumba kwa ruzuku aridhike nayo, na ni kitu gani kinachomfanya mwingine ainung'unikie, aipangishe kwa watu wengine, au aikimbie kabisa? Swali hili limechunguzwa katika nchi nyingi kwa miaka mingi, na majibu yake yanashangaza kwa jinsi yanavyofanana.

MAJUMBA YALIYOKUFA YANGALI MACHANGA

Hadithi inayojulikana kuliko zote ni ile ya mji wa St. Louis, katika jimbo la Missouri, Marekani. Mwaka 1954 wapangaji wa kwanza waliingia katika majumba mapya yaliyoitwa Pruitt-Igoe. Sehemu moja ilipewa jina la Wendell Pruitt, rubani Mwafrika-Mmarekani wa mji huo aliyepigana katika Vita vya Pili vya Dunia na kufariki mwaka 1945 ndege yake ilipoanguka katika mazoezi. Majumba yalikuwa 33, kila moja na ghorofa 11, na ndani yake zilikuwamo nyumba zaidi ya 2,700. Msanifu wake, Minoru Yamasaki, ndiye aliyekuja kusanifu ile minara miwili ya World Trade Center mjini New York.

Wapangaji wa kwanza walifurahi. Wengi wao walitoka katika vyumba vibovu visivyo na choo cha ndani, na sasa walikuwa na maji, umeme, madirisha mapana na vitanda vya kuwatosha watoto. Mwaka 1957 zaidi ya nyumba tisa katika kila kumi zilikuwa na watu. Walakini haikupita miaka 15 kabla ya mtaa huo kuwa mfano wa aibu: lifti zilinuka mikojo, mabomba yalipasuka wakati wa baridi, vioo vilivunjwa visitiwe vingine, na watu waliogopa kupanda ngazi za nyumba zao wenyewe. Mwezi Machi 1972 serikali ilianza kuyabomoa majumba hayo kwa baruti, na kufikia mwaka 1976 hakuna lililobaki limesimama.

Baada ya hapo watu wengi walisema kwamba kosa lilikuwa la ghorofa, na wengine wakawalaumu wakaaji kuwa ni watu wasiojua kuishi katika nyumba nzuri. Lakini anayetazama hesabu ataona mambo mengine. Serikali kuu ya Marekani ilitoa fedha za kujenga, na haikutoa za kutunza. Gharama za matengenezo, ufagiaji na walinzi zilitakiwa zitoke katika kodi ya wapangaji, ambao walichaguliwa kwa sababu ya umaskini wao. Wakati huo huo mji wenyewe ulikuwa ukipoteza watu na viwanda: wakazi wa St. Louis walikuwa karibu 857,000 mwaka 1950, na kufikia mwaka 1970 walikuwa wamebaki karibu 622,000. Wenye kazi walihamia pembezoni, na waliobaki walizidi kuwa fukara. Kodi iliyokusanywa ikapungua, matengenezo yakapungua, nyumba zikazidi kuachwa tupu, kodi ikapandishwa kwa wale waliobaki, nao wakazidi kuhama. Mwaka 1969 wapangaji wa nyumba za umma mjini humo walifanya mgomo wa kodi uliodumu miezi tisa. Mwaka huo huo Bunge la Marekani lilipitisha sheria kwamba mpangaji wa nyumba ya umma asitozwe kodi inayozidi robo ya kipato chake. Kwa Pruitt-Igoe dawa hiyo ilikuja mgonjwa akiwa mahututi.

Lilikuwapo pia jambo lililoingia hadi kitandani. Kwa taratibu za msaada wa jamii za wakati huo, familia iliyopokea msaada haikuruhusiwa kuwa na mwanamume mwenye nguvu za kufanya kazi ndani ya nyumba. Baba akawa mgeni kwake, akija usiku na kujificha wakaguzi wanapobisha hodi. Mtu anawezaje kuiita nyumba kuwa yake ikiwa ndani yake hawezi kuitwa baba?

LIFTI ZILE ZILE, MWISHO TOFAUTI

Katika Pruitt-Igoe, ili kupunguza gharama, lifti zilisimama katika ghorofa ya kwanza, ya nne, ya saba na ya kumi tu. Aliyekaa ghorofa nyingine alishuka na kumalizia kwa ngazi, na ngazi hizo ndimo watu walimovamiwa. Wengi wameutaja mpango huo kuwa ni upumbavu uliouua mtaa.

Basi na tuitazame Singapore. Nchi hiyo ndogo iliunda Bodi ya Nyumba na Maendeleo mwaka 1960. Mwezi Mei 1961 moto uliteketeza mabanda ya Bukit Ho Swee na kuwaacha watu wapatao 16,000 bila makazi, na bodi hiyo ikajenga majumba ya ghorofa mahali pale pale palipoungua. Katika miaka mitano ya kwanza ilikamilisha nyumba zaidi ya 50,000. Majumba mengi ya zamani ya Singapore nayo yalikuwa na lifti zilizosimama katika baadhi ya ghorofa tu, kwa sababu ile ile ya kubana matumizi. Hayakubomolewa kwa hilo. Mwaka 2001 ulianzishwa mpango wa kuzirekebisha ili zisimame kila ghorofa, na katika kila jumba kazi ilifanyika pale tu wakaaji walipopiga kura na robo tatu yao kukubali, kwa kuwa nao walichangia sehemu ya gharama.

Kosa la msanifu lilikuwa moja katika nchi mbili. Upande mmoja palikuwa na fungu la fedha la matengenezo, kazi mjini, na mkaaji aliyeulizwa neno lake. Upande wa pili mambo hayo matatu hayakuwapo. Leo karibu wakazi wanane katika kila kumi wa Singapore huishi katika nyumba zilizojengwa na bodi hiyo, na wengi wao wamezinunua kwa utaratibu wa umiliki ulioanza mwaka 1964. Funzo ni kwamba mkaaji husamehe kasoro ya nyumba akiona kwamba yupo mwenye kuirekebisha. Kinachomkatisha tamaa ni bomba lililoripotiwa mara tano lisipate fundi.

MAHALI NI NUSU YA NYUMBA

Turudi karibu na kwetu. Mtaa wa Kibera, jijini Nairobi, una uhusiano na askari kuliko wengi wajuavyo. Mwanzoni mwa karne ya 20 wakoloni Waingereza waliwaruhusu askari Wanubi wa King's African Rifles, ambao asili yao ni Sudan, wakae pale kama malipo ya utumishi wao, na neno Kibra katika lugha ya Kinubi lina maana ya msitu. Hawakupewa hati za ardhi. Kutoka katika kukaa huko kusiko na hati umezaliwa mtaa wa mabanda unaosemwa kila siku duniani.

Serikali ya Kenya, ikishirikiana na shirika la makazi la Umoja wa Mataifa, ilianzisha mpango wa kuiboresha mitaa ya mabanda, na mwezi Septemba 2009 wakaaji wa sehemu ya Soweto Mashariki walihamishiwa katika majumba 17 ya ghorofa huko Lang'ata, yenye nyumba 600, wakae humo wakati mahali pao pa zamani panajengwa. Palikuwa na maji, umeme na vyoo. Hata hivyo hazikupita siku nyingi kabla ya kuonekana kwamba baadhi ya waliohamishwa walipangisha nafasi zao kwa watu wenye kipato kizuri zaidi, wakarudi mabandani.

Watu walisema: tazama, hawa hawataki maendeleo. Lakini mtazame mama aliyekuwa akikaanga samaki mbele ya mlango wake Kibera, akiuza kwa wapita njia jioni. Katika ghorofa ya nne hakuna mpita njia. Mlango wake ulikuwa duka lake, naye alipohamishwa alipewa mlango bila duka. Kisha ongeza kwamba nyumba moja ya vyumba vitatu iligawanywa kwa familia zaidi ya moja, kila familia chumba chake, huku jiko na choo vikitumiwa kwa ushirika na watu ambao hawakuchaguana. Mtu huyo aliporudi mabandani alirudi mahali alipojua kwamba atakula.

Huko Chile, katika mji wa Iquique ulio kando ya jangwa, jambo hilo lilieleweka mapema. Familia zipatazo 100 zilikuwa zimekaa bila kibali kwa miaka 30 katika kiwanja kiitwacho Quinta Monroy, katikati ya mji. Ruzuku ya serikali ilikuwa dola 7,500 kwa kila familia, na fedha hizo zilitakiwa zinunue ardhi, zilete maji na barabara, na zijenge nyumba. Bei ya kiwanja hicho ilikuwa karibu mara tatu ya ile ambayo miradi ya namna hiyo huweza kulipa. Njia rahisi ilikuwa ni kuwahamishia watu mbali jangwani, ambako ardhi ni ya bure kabisa au karibu na bure. Mwaka 2004 msanifu Alejandro Aravena na wenzake walifanya kinyume: walinunua kiwanja cha mjini kwa bei yake, na kwa fedha zilizobaki wakajenga nusu ya nyumba. Walijenga ile nusu ambayo maskini hawezi kuijenga vizuri peke yake, yaani msingi, ngazi, jiko, choo na kuta za kubebea paa, na wakaacha nafasi wazi pembeni ili kila familia ijaze nusu ya pili kwa nguvu zake. Nyumba zilizoanza na meta za mraba 36 ziliweza kukua hadi kufikia karibu mara mbili. Watoto walibaki katika shule zao na wazazi walibaki karibu na kazi zao.

KODI NA YALIYOJIFICHA NYUMA YA KODI

Jambo la pili ambalo huamua moyo wa mkaaji ni gharama kamili ya mwezi. Wapangaji wa mipango hutaja kodi, ilhali mkaaji huhesabu kodi, maji, umeme, takataka, mlinzi na nauli. Mtu aliyehama kibanda cha kodi ndogo akaingia katika nyumba ya kodi nafuu huweza kujikuta analipa zaidi, kwa sababu ankara za maji na umeme, ambazo hakuwa nazo, sasa huja kila mwezi, na humkuta akiwa na kipato kile kile cha kubangaiza, leo kipo na kesho hakipo.

Huko Ethiopia, mwaka 2005, serikali ilianzisha mpango mkubwa wa majumba ya ghorofa katika jiji la Addis Ababa na miji mingine. Nyumba ziligawiwa kwa bahati nasibu ya hadhara, na asilimia 30 zilitengwa kwa wanawake. Ni haki kusifu kwamba wasanifu walifikiri juu ya maisha ya watu: katika mitaa hiyo vilijengwa vyumba vya ushirika vya kupikia injera na kuchinjia wanyama wa sikukuu, kwa kuwa kazi hizo haziwezekani vizuri katika jiko la ghorofani. Lakini malipo ya kwanza na marejesho ya benki yalikuwa mazito kwa maskini halisi. Wengi walioshinda bahati nasibu walipangisha nyumba zao kwa watu wenye fedha, wakatumia kodi hiyo kulipa deni, nao wenyewe wakapanga penginepo kwa bei ndogo. Nyumba iliwasaidia kama mali, walakini wao hawakuishi humo. Ruzuku iliyokusudiwa kumlaza fukara ikamlaza mwingine.

WANGAPI WANATUMIA NGAZI HII?

Sasa nawaomba polisi wasome kwa makini zaidi. Mtaalamu Oscar Newman, aliyekuwa mwalimu huko St. Louis, alitembea ndani ya Pruitt-Igoe kabla ya kubomolewa, naye akaona jambo la ajabu. Ndani ya nyumba zao watu wale wale waliosemwa kuwa wachafu waliweka usafi wa kuvutia. Mahali ambapo kibaraza kimoja kilitumiwa na familia mbili tu, kibaraza hicho nacho kilikuwa safi. Ujia uliotumiwa na familia 20 uliharibika, na ngazi na lifti zilizotumiwa na familia 150 zilikuwa balaa. Ng'ambo ya barabara palikuwa na mtaa mwingine wa umma, Carr Square Village, uliofunguliwa mwaka 1942, wenye nyumba fupi na wakaaji wa hali moja na wale. Huo ulikalika muda wote huo bila machafuko ya jirani yake.

Katika kitabu chake cha mwaka 1972 Newman alilinganisha pia mitaa miwili ya Brooklyn, New York, inayotazamana: Van Dyke yenye majumba marefu ya ghorofa 14, na Brownsville yenye majumba mafupi yasiyozidi ghorofa sita. Wakaaji walifanana kwa umaskini na kwa wingi katika eneo, na bado uhalifu ulikuwa mkubwa zaidi katika majumba marefu. Maelezo yake ni mepesi: mahali panapotumiwa na wachache, kila mmoja anamjua mwenziwe, na mgeni akiingia huulizwa, "Unamtafuta nani?" Mahali panapotumiwa na mamia, hakuna anayejua nani ni mgeni, na hakuna anayehisi kwamba ana haki ya kuuliza. Wapo wataalamu waliompinga Newman wakisema kwamba alilipa umbo la jengo uzito mno na kuusahau umaskini wenyewe, na mfano wa Singapore unawapa hoja. Lakini polisi yeyote aliyepiga doria atakubaliana naye kwa hili: swali la jirani hutangulia kufika kuliko gari la polisi.

Usalama ni sehemu kubwa ya kuridhika. Mama anayeogopa kumtuma mtoto dukani saa kumi na mbili jioni hataisifu nyumba hata ikiwa na sakafu ya vigae. Ndiyo sababu kutawanya majirani wa zamani ni hasara isiyoandikwa katika vitabu vya mahesabu. Katika mabanda, watu waliokaa pamoja kwa miaka 15 wana vikundi vya kuzikana, vyama vya kuweka akiba, na bibi mmoja anayelea watoto wa wanaokwenda kazini. Wakigawiwa nyumba kwa kura, mmoja huku na mwingine kule, vyote hivyo huvunjika kwa siku moja, na kuvijenga upya huchukua miaka.

MWENYE MKONO KATIKA KAZI

Mwingereza John Turner, aliyefanya kazi Peru kuanzia mwaka 1957 kati ya watu waliojijengea wenyewe pembezoni mwa miji, alifundisha kwamba nyumba ipimwe kwa lile inalomfanyia mkaaji katika maisha yake kuliko kwa sura yake. Aliona kwamba watu huvumilia kasoro nyingi za nyumba waliyoamua wenyewe, na kulalamikia kasoro ndogo za nyumba waliyoamuliwa na wengine.

Kwetu Uganda hatukosi mfano. Huko Masese, mjini Jinja, mwishoni mwa miaka ya 1980 na kwa msaada wa Denmark, wanawake walifundishwa uashi na utengenezaji wa vifaa vya ujenzi, wakainua kuta za nyumba zao wenyewe. Mtu aliyejenga ukuta kwa mkono wake anajua pa kuuziba ukipata ufa. Nako Dandora, jijini Nairobi, kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa mwaka 1975, vilipimwa viwanja 6,000, kila kimoja kikapewa choo, bafu na maji, na mwenye kiwanja akaachiwa kujenga vyumba kwa kadiri ya uwezo wake. Wengi walijenga vyumba zaidi ya walivyohitaji na kuvipangisha. Mtaa ukajaa kuliko ilivyokusudiwa, na hilo lilileta shida zake. Lakini nyumba ililipa deni lake yenyewe.

KIPIMO NI CHA MKAAJI

Mwaka 1975 wataalamu wawili wa Marekani, Earl Morris na Mary Winter, walieleza kwamba kila familia hubeba kipimo moyoni: nyumba ya watu kama sisi inapaswa iweje? Familia hulinganisha nyumba yake na kipimo hicho, na pengo lililopo kati ya viwili hivyo ndilo huzaa manung'uniko. Kutokana na hayo twaelewa kwa nini watu wawili katika nyumba mbili zinazofanana, wakilipa kodi moja, hawawi na moyo mmoja. Aliyetoka katika chumba kinachovuja huona paa. Aliyeahidiwa bustani na shule, akakuta paa tu, huona ahadi iliyovunjwa. Wakubwa wenye kuahidi katika sherehe za kuweka jiwe la msingi na walikumbuke neno hilo, kwa maana kila ahadi hupandisha kipimo, na deni lake hulipwa na msimamizi wa mtaa asiye na fedha ya balbu.

Shukrani, kwa hiyo, haina nafasi kubwa katika hesabu hii. Mtu huweza kushukuru kwa dhati na bado akashindwa kuishi mahali alipopewa.

SAJINI ALIVYOAMUA

Nilimwita tena sajini na kumwomba radhi kwa jibu la haraka. Nikamshauri afanye kama tunavyofundishwa kufanya kabla ya kuhamia mahali papya: apeleleze kwanza. Yeye na mkewe walikwenda kuutazama mtaa ule mara tatu. Mara ya kwanza walikwenda alfajiri, wakapanda gari pamoja na waendao kazini na kuhesabu nauli. Mara ya pili walikwenda baada ya mvua kubwa. Mara ya tatu walikwenda usiku. Kila mara mama aliongea na wanawake waliowakuta huko.

Walirudi na taarifa kamili. Nyumba hazivuji. Majirani ni watu wema na wamekwisha kuunda kamati ya usafi. Taa za njiani zinawaka. Lakini kutoka pale hadi soko ambamo mama ameuza nguo kwa miaka 11 ni magari mawili ya kwenda na mawili ya kurudi, na nauli yake kwa mwezi ilikaribia malipo ya nyumba yenyewe. Pensheni ya sajini ingelipa nyumba, na biashara ya mama ndiyo ingelisha watoto. Wakichukua nyumba, biashara ingekufa.

"Nilikuwa najua hivyo tangu siku ya kwanza, Afande," mama aliniambia walipokuja kuniaga, "ila sikuwa na hesabu ya kukuonyesha."

Walijibu kwamba wanaiacha. Halikuwa jambo jepesi, kwa kuwa nafasi ya namna hiyo hairudi, na ndugu wa sajini walimwita mjinga mbele ya watoto wake. Kwa kiinua mgongo alinunua kiwanja kidogo kwa umbali wa kutembea kutoka sokoni, akasimamisha chumba kimoja na jiko. Cha pili kina kuta, bado hakina paa. Nyumba waliyoiacha ilichukuliwa na koplo mmoja mstaafu ambaye mkewe ni muuguzi katika zahanati iliyo hatua chache kutoka mtaa ule. Nimewatembelea. Wamepanda maua mbele ya mlango, na mama muuguzi aliniambia kwamba hawajapata kukaa mahali pazuri kama pale.

Nyumba ni ile ile, matofali ni yale yale na bei haikubadilika. Aliyebadilika ni mkaaji, na maisha anayoyabeba anapoingia mlangoni. Basi wenzangu mnaokaribia kustaafu, karatasi ya namna hiyo ikiwafikia, ipokeeni kwa heshima, kisha hesabuni nauli, ulizeni fundi wa mabomba huitwa na nani na hulipwa na nani, nendeni usiku, na kabla ya kutia sahihi msikilizeni mama wa nyumbani. Nasi tunaotumwa kulinda mitaa hiyo, tukimkuta mtu aliyeirudia mitaa ya mabanda baada ya kupewa ghorofa, tumwulize sababu kabla ya kumhukumu.